Kuingoja Sauti ya Mnyonge: Matumaini na Shaka za Wapenzi wa Remmy Ongala

Mwimbaji chipukizi hana deni kwa mtu. Akitoa wimbo mbaya, watu humsamehe wakisema kwamba bado anajifunza. Akitoa mzuri, humshangilia kama waliookota kitu njiani. Mwimbaji mkongwe hali yake ni nyingine. Kila wimbo aliopata kuuimba umekuwa rehani mikononi mwa wasikilizaji, nao humngoja nayo. Siku atakapotangaza kuwa anakuja na nyimbo mpya, hawamsikilizi kwa masikio mawili tu. Humsikiliza kwa ujana wao, kwa ndoa zao, kwa misiba yao, na kwa miaka yote waliyoishi pamoja na sauti yake.

Makala haya yanakusudia kuichungua hali hiyo ya kungoja, kwani ndani yake mna uhakiki ambao aghalabu hauandikwi. Mfano wetu ni Ramadhani Mtoro Ongala, Dokta Remmy kwa wapenzi wake, aliyezaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978, na kufia huko tarehe 13 Desemba 2010. Mwaka 2001 alipatwa na kiharusi. Baada ya maradhi hayo aliuacha muziki wa dansi, akaokoka, na ikaenea habari kwamba nyimbo zake zijazo zitakuwa za Injili. Katika muda ule, baina ya habari na nyimbo zenyewe, wapenzi wake waligawanyika: wako waliotumaini na wako waliotia shaka. Mabishano yao, kwa maoni yetu, yaligusa jambo ambalo washairi wa mwambao wamekuwa nalo tangu zama za Pate: je, mtunzi akishapata yakini, utungo wake hubaki hai?

Hadhira ya bondeni

Mwandishi wa makala haya aliyasikia mabishano hayo Katindiuka, kando ya mji wa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Msomaji wa visiwani huenda akauliza kwa nini tuende mbali kiasi hicho kutafuta wahakiki. Jibu ni kwamba Remmy alijitangaza kuwa mwimbaji wa mnyonge, na ni haki mnyonge mwenyewe aulizwe.

Kilombero ni bonde la watu wenye kungoja. Masika mto huziacha kingo zake na kuyafunika mashamba. Mkulima wa mpunga hungoja maji yapungue, na mvuvi hungoja yatulie. Reli ya TAZARA hupita hapo, na abiria wake ni hodari wa kungoja. Kwa upande wa Kidatu yako mashamba ya miwa, yaliyowavuta watu wa makabila mengi, kila mmoja na lugha yake nyumbani na Kiswahili kazini. Na kwa miaka mingi, kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka 2018, aliyetaka kuvuka kwenda Mahenge hakuwa na budi kulisubiri pantoni. Palipo na kungoja hapakosi redio, na ilipokuwapo redio, Remmy alikuwapo.

Ikumbukwe kwamba kwa sehemu kubwa ya umri wake wa kuimba, Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa redio ya Bara nzima. Vituo vya watu binafsi vilianza katikati ya miaka ya 1990. Bendi ziliingia studio za redio hiyo, zikarekodi, na wimbo ukaenda hewani. Msikilizaji wa Katindiuka hakuijua albamu. Alijua wimbo mmoja mmoja, kwa saa yake na kwa kipindi chake, na baadaye aliunasa katika kaseti aliyoinunua sokoni au aliyonakiliwa na jirani. Wimbo ulimjia kama habari, peke yake, nao ulitakiwa usimame kwa miguu yake.

Albamu zilikuwa kitu cha ng'ambo. Remmy na bendi yake ya Super Matimila walialikwa katika matamasha ya WOMAD mwaka 1988, na kutokana na safari hizo zikapatikana rekodi mbili chini ya lebo ya Real World ya Uingereza: *Songs for the Poor Man* ya mwaka 1989 na *Mambo* ya mwaka 1992. Hii ya pili ilikuwa na nyimbo kadhaa kwa Kiingereza. Hapo ndipo ilipozaliwa shaka ya kwanza, miaka mingi kabla ya kiharusi. Mnyonge aliyeimbiwa alianza kujiuliza kama bado yeye ndiye anayesemeshwa, au sasa anasimuliwa kwa watu wengine. Kumwimbia mtu ni jambo moja. Kuimba habari zake mbele ya wageni ni jambo jingine, hata kama maneno ni yale yale.

Kwa hiyo habari za nyimbo mpya zilipoenea baada ya mwaka 2001, wapenzi wake hawakuanza kuhesabu upya. Walikuwa na shaka ya zamani waliyoihifadhi, na tumaini la zamani vilevile.

Ushairi usio na vina

Kabla ya kuyapima matumaini hayo, yatupasa tujue walichokuwa wakikingoja. Mpenzi wa mashairi aliyelelewa kwa mizani, aliyefundishwa kwamba tungo isiyo na urari wa vina ni maneno matupu, atayasikia maneno ya Remmy akaona hayana cha kuhakikiwa. Mishororo hairingani. Vina huja vikipenda, na visipopenda haviji. Mara mwimbaji huacha kuimba akawa anazungumza juu ya magitaa, kama mtu aliyesimama barazani na jambo linalomkera.

Mgogoro huu si mgeni kwa wasomaji wetu. Kaluta Amri Abedi alipotoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954 aliweka wazi msimamo wa kimapokeo. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, na mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa *Malenga wa Bara*. Ikawaka vita baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko ambayo moshi wake ungali unanukia. Lakini wakati wasomi wakibishana vitabuni kama shairi huru ni shairi au si shairi, katika kumbi za dansi za Dar es Salaam maelfu ya watu walikuwa wakiimba pamoja na mtu aliyetunga bila kuwauliza wasomi. Laiti wahakiki wetu wangaliinua macho kidogo, wangalipata ushahidi wa pande zote mbili.

Kinachoushika utungo wa Remmy badala ya vina ni mambo matatu.

La kwanza ni nafsi. Remmy huimba kwa "mimi", na huyu "mimi" ni mtu wa chini. Majina ya nyimbo zenyewe hutoa ushahidi: *Nalilia Mwana*, *Nasikitika*, *Sauti ya Mnyonge*. Yeye mwenyewe alijiita kwa fahari "sura mbaya". Anayekumbuka tungo za majigambo, zile za Fumo Liyongo na za waliomfuata, ataona jinsi desturi ilivyopinduliwa hapa. Mwenye kujigamba hujipandisha kwa nguvu na nasaba. Remmy alijishusha kwa hiari yake, na alipokwisha kufika chini hakubaki mtu wa kumwangusha. Ni majigambo yaliyovaliwa upande wa ndani.

La pili ni kiitikio. Katika ngoma nyingi za Bara, zikiwamo za bonde hili la Wandamba, Wapogoro na Wambunga, manju hutoa neno na wachezaji hulipokea. Remmy aliuchukua mpango huo akauweka juu ya magitaa ya Kikongo. Msikilizaji anapopewa kiitikio hupewa kazi. Hawi mtazamaji tena.

La tatu, na ndilo kubwa, ni swali. *Muziki Asili Yake Wapi* ni swali tangu jina lake. *Kifo* ni lalamiko linaloelekezwa kwa kifo chenyewe, kana kwamba ni mtu aliyeketi mbele ya mwimbaji, mwenye masikio ya kusikia lakini asiye na huruma. *Mambo kwa Soksi*, wimbo wa kuwahimiza watu watumie kondomu katika siku ambazo ukimwi ulitajwa kwa kunong'ona, uliuliza kwa sauti jambo ambalo wakubwa hawakutaka liulizwe. Redio ya taifa haikukubali kuurusha, nao ukaenea kwa kumbi na kwa kaseti. Kumwuliza mkubwa swali hadharani ndiyo silaha pekee ya asiye na cheo. Hana amri ya kutoa, wala fedha ya kununulia jibu. Anao uwezo wa kuuliza, na kuuliza tena katika kiitikio, mpaka swali liwe aibu ya anayetakiwa kujibu.

Msomaji wa visiwani halazimiki kwenda mbali kuutambua ujasiri huo. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928, aliuimba mkasa wa Kijiti na hukumu iliyowaacha watu midomo wazi, na wimbo ule ukawa mahakama ya rufaa ya waliokosa mahakama. Siti alikuwa na vina, Remmy hakuwa navyo. Lakini wangalikutana, wangalitambuana.

Mabishano ya Katindiuka

Sasa turejee kwenye kungoja. Rai zilizosikika Katindiuka zaweza kugawanywa katika mafungu manne, na kila moja lastahili kusikilizwa kwa haki.

Fungu la kwanza lilikuwa la wana wa kwaya. Ifakara ni mji wa misheni; hospitali yake ya Mtakatifu Fransisko inajulikana Bara nzima, na uimbaji wa kanisani una mizizi mirefu huko. Vijana wa kwaya walitumaini makubwa. Walisema nyimbo za Injili zimekuwa nyingi lakini nyepesi, kwamba kila mmoja huimba furaha bila kuonesha ametoka wapi hata akafurahi. Remmy, walisema, anajua njaa, anajua ulevi wa wengine, anajua jina la kila shida. Akimwimbia Mungu atamwimbia kwa uzito. Hilo lilikuwa tumaini la wahakiki wa kweli, ijapokuwa hawakujiita hivyo.

Fungu la pili lilikuwa la watu wa dansi, hasa watu wazima waliomjua tangu siku za Orchestra Makassy. Hao walihofia sauti na mkono. Kiharusi, walisema, hakichagui. Mtu aliyezoea kusimama usiku kucha mbele ya bendi ya watu wengi, atawezaje kuimba vilevile kwa mwili uliodhoofika na kinanda cha studio? Walizililia solo na rizimu zilizokuwa zikisukana hata msikilizaji asijue uzi gani umeanzia wapi.

Fungu la tatu lilitia shaka ya maadili. Walisema mzee amekumbuka Mungu baada ya kuugua, na kwamba mwenye kutubu kitandani hana alichokiacha isipokuwa kile kilichokwisha kumwacha yeye. Maneno haya ni makali, na kwa maoni yetu hayana haki. Mama mmoja muuza mchele aliyajibu vizuri kuliko tutakavyoweza sisi. Alisema kwamba mtu mzima ana ruhusa ya kubadilika, na kwamba wanaomtaka Remmy abaki ukumbini wao wenyewe siku hizi hulala saa mbili za usiku.

Fungu la nne lilikuwa dogo, lakini ndilo lililotushughulisha zaidi. Walikuwa wale waliokuwa wakikumbuka *Kifo*. Hoja yao ilikuwa hivi: mtu huyu alimlalamikia kifo akiwa mzima, kwa niaba ya waliofiwa. Sasa kifo kimemgusa mwenyewe, kimemshika mkono na mguu, kisha kikamwachia. Basi wimbo wake ujao hauna budi kuwa sehemu ya pili ya ule wa kwanza. Alikwenda mpaka mlangoni akarudi, atuambie alichokiona.

Tumaini hili ni zito mno kwa mwimbaji yeyote kulibeba. Hata hivyo ndilo lililokuwa na adabu kuliko yote. Halikumtaka Remmy arudi nyuma kuwa yule wa mwaka 1989, wala halikumkataza dini. Lilimtaka aendelee na mazungumzo aliyoyaanza yeye mwenyewe.

Yakini na shairi

Wengi wa watu wa dansi walidhani kwamba hatari iko katika dini yenyewe: mtu akiokoka, ushairi wake umekwisha. Hapa sisi watu wa mwambao tunao ushahidi wa kuwapinga. Tungo kongwe za Kiswahili tulizorithi ni tungo za wacha Mungu. Mwana Kupona, katika utendi aliomwachia bintiye mwaka 1858, anazungumza kama mtu anayejua kwamba siku zake zinahesabika, na imani yake haimzuii kuwa mama mwenye hofu. Na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa *Al-Inkishafi*, alikuwa mtu wa yakini kamili. Hakuwa na shaka juu ya Akhera. Lakini utenzi wake umejengwa juu ya maswali: anausemesha moyo wake na kuuhoji kwa nini hauamki, anasimama mbele ya majumba ya Pate yaliyobomoka na kuuliza wako wapi waliokaa humo kwa taa na mazulia.

Tazama alivyofanya. Jibu analijua tangu ubeti wa kwanza, na msomaji wake analijua pia. Lakini hakuanza na jibu. Alituchukua kwa mkono akatupitisha katika magofu, chumba baada ya chumba, popo na bundi wakiwa ndio wenyeji, hata jibu lilipofika tulikuwa tumelihitaji. Yakini yake haikuliua swali. Ililipa uzito, kwa sababu aliyeuliza alijua gharama ya kutojibiwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti baina ya shairi la imani na tangazo la imani. Tangazo humpa msikilizaji jibu la swali ambalo hajaulizwa. Shairi humwulizisha kwanza. Na hapo ndipo Remmy alipokabiliwa na mtihani mkubwa kuliko wa sauti na wa mkono. Ushairi wake wote ulisimama juu ya kuuliza. Aliyeokoka husimama juu ya kujibiwa. Kuvuka kutoka upande huu hadi ule bila kuliacha swali ukingoni si kazi ndogo, na jadi ya Injili ya siku zile, yenye kupenda ushuhuda wa furaha, haikumpa chombo cha kuvukia.

Nyimbo zilipokuja zilikuwa za shukrani na za wito. Wana wa kwaya walipata walichokitaka kwa sehemu: uso mpya madhabahuni, na jina kubwa. Watu wa dansi walikosa. Wale wa fungu la nne walibaki wakingoja, kwani wao walitaka kuambiwa alichokiona mlangoni, na yeye akawaambia aliyemrudisha. Ni haki yake. Aliyeokolewa na maji humtaja kwanza aliyemvuta, kabla hajaeleza kina. Lakini wakati nao umetoa hukumu yake. Jina la Remmy linapotajwa leo, zinazotangulia midomoni ni *Kifo*, *Kipenda Roho*, *Mambo kwa Soksi*, zile za kuuliza na kulalamika. Hatusemi hivyo ili kuzidunisha nyimbo za shukrani. Twasema kwamba shukrani ni ya anayeshukuru, na msikilizaji husimama kando akimpongeza; ilhali swali ni la wote, na kila mwenye kufiwa huweza kuliokota na kuliuliza kama lake.

Wengine waliongojewa

Msomaji ataona kwamba jambo hili halikuanza na Remmy wala halikuishia kwake. Wazee wa mkoa wa Morogoro humtaja Mbaraka Mwinshehe kwa sauti ambayo hawaitumii kwa mwingine. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, akiwa na miaka 30 na kitu. Hakuna aliyewahi kutia shaka juu ya albamu yake ijayo, kwa kuwa haipo. Kifo kilimlinda na uzee wa sauti na mabadiliko ya nia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini ni rahisi kwa wanaoitoa.

Kwetu visiwani, Bi Kidude alitupa mfano wa namna nyingine. Mpaka anafariki tarehe 17 Aprili 2013, na hata alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, watu hawakumdai wimbo mpya. Walimdai ule ule, kwa sauti iliyozidi kukwaruza kila mwaka, na mikwaruzo ile ikawa ndiyo habari mpya. Mkongwe wa jadi husamehewa kurudia, kwa sababu wimbo si wake peke yake. Remmy alikuwa mtunzi, na mtunzi hasamehewi hivyo.

Mzee Yusuf wa Jahazi naye alitangaza mwaka 2016 kuacha muziki kwa ajili ya dini, kisha akarejea jukwaani mwaka 2020, na mabishano yaliyozuka kwa wapenzi wa taarabu yalifanana neno kwa neno na yale ya Katindiuka, ila yalikwenda kinyume: safari hii waliulizana kama anayerudi ni yule aliyeondoka. Na jirani kabisa na bonde tulilolitaja, Profesa Jay, aliyekuwa mbunge wa Mikumi kuanzia mwaka 2015 hadi 2020, aliugua sana mwaka 2022, akalazwa Muhimbili kwa miezi, kisha mwaka 2023 akatoa wimbo alioupa jina la *Siku 462*. Tutazame hilo jina. Ni hesabu. Aliyehesabu siku zake za ugonjwa amekubali kutueleza kina cha maji kabla ya kufika ufukoni, na pengine ndiyo sababu wapenzi wengi waliupokea wimbo ule kwa machozi kabla ya kuuliza kama mistari yake ina makali ya zamani. Wale wa fungu la nne, kama wangali hai Katindiuka, bila shaka walitega sikio.

Deni la msikilizaji

Tumezungumza sana juu ya deni la mwimbaji. Uungwana wataka tuseme na juu ya deni la anayemsikiliza.

Wengi waliotia shaka juu ya nyimbo mpya za Remmy walikuwa na nyimbo zake za zamani katika kaseti zilizonakiliwa, ambazo yeye hakupata hata senti moja kwazo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, lakini sheria ilisafiri polepole kuliko kaseti. Haikuwa kosa la mkulima wa Katindiuka. Aliuziwa kilichokuwapo sokoni, kwa bei aliyoimudu. Hata hivyo kuna jambo la kutafakari hapa. Tulimtaka mtu awe sauti ya mnyonge, tukamlipa kama mnyonge, na alipougua tukamwuliza kwa nini haimbi kama zamani.

Kutia shaka kwa mwimbaji unayempenda si utovu wa heshima. Anayetia shaka bado anasikiliza. Aliyekata tamaa hana la kubishia. Lakini shaka nayo ina adabu zake. Shaka ya sauti tumsamehe mzee, kwa maana sauti ni mwili, na mwili ni wa kuchakaa. Shaka ya dini tuiache, kwa maana hilo ni baina yake na Mola wake. Inayobaki ni shaka moja tu yenye haki ya kusimama mbele ya kazi yoyote mpya ya mkongwe yeyote, awe wa dansi, wa taarabu, wa Injili au wa kizazi kipya: je, bado anatuuliza kitu?

Kwa kipimo hicho Remmy alishinda mara nyingi katika umri wake, na mwishoni, kwa maoni yetu, alichoka kushinda. Anayo haki ya kuchoka. Maswali aliyoyaacha yangalipo: asili ya muziki wetu ni wapi, mnyonge ana sauti gani, na kifo husikia au hakisikii. Vijana wa kwaya wa Ifakara, ambao sasa ni watu wazima wenye kwaya zao, wanaweza kuyaokota na kuyapeleka mbele za Mungu kama alivyofanya Sayyid Abdalla katika magofu ya Pate. Siku hiyo yale waliyoyatumaini yatakuwa yamepatikana, ingawa kwa mkono mwingine na kwa sauti nyingine.